Kitufe cha K

Niko Nyawera, mlango wa bluu, karibu na mshona viatu.
Meza moja, kompyuta moja, mashine ya kunakili inayokohoa.
Watu huniletea maneno yao na mia tano za franka,
nayapiga pasi, nayaondoa mikunjo,
yafike mbele ya wakubwa yamesimama wima.
Kitufe cha K kimechoka:
Kivu, Kabare, Kalehe, Kadutu,
miaka kumi na moja ya barua za malalamiko.
Sasa lazima ukigonge kwa nguvu, la sivyo kinakaa kimya.

Jumanne, mvua ikiwa imekata umeme,
akaja Mugaruka Cishugi, mgombea namba mia na nane,
fulana ya chama juu, msalaba wa shaba chini yake,
na daftari la shule lenye picha ya twiga.
"Mama Nsimire, chapa hivi hivi. Usiguse hata nukta.
Haya sikuyatunga. Nilionyeshwa."

Nikawasha jenereta. Nikavaa miwani,
ile ambayo jicho lake la kushoto lina ufa tangu Pasaka.

Alionyeshwa ziwa likifunuka kama kitabu,
na lami ikitoka majini, ikipanda Kadutu
hadi Cimpunda, pale nyumba za mbao
huteremka zenyewe kila msimu wa mvua.
Alionyeshwa taa kila dirisha,
na pembeni umati, miguu peku, umenyamaza.

Sikucheka. Nani atacheka?
Wiki iliyopita mwalimu Bisimwa alinakili kwangu
kifungu cha kwanza cha Katiba, nakala arobaini:
nchi hii haina dini. Akalipa, akapiga ishara ya msalaba, akatoka.
Akina mama wa msikitini walichapisha barua ya bomba la maji,
wakaanza na Bismillahi, wakamaliza na namba ya simu.
Na uchaguzi uliopita, waliolala juu ya masanduku ya kura
ili yasitembee usiku
walikuwa vijana wa parokia, rozari mfukoni, tochi mkononi.
Waliamini kitu kisichoonekana,
ndiyo maana hawakununulika kwa kitu kinachoonekana.

Basi si njozi inayonitisha.
Mtu asiyeona kisichokuwapo
hatapanda hata mche mmoja kwenye korongo la Funu.
Linalonitisha ni hili:
bajeti nitaibishia, nitauliza saruji mifuko mingapi,
lakini ndoto ya mtu
nitaitaka risiti kwa nani?

Ukurasa wa tatu, vidole vikasimama.
"Mheshimiwa," nikasema
(hajawa bado, ila heshima haitozwi kodi)
"hapa mwandiko umefifia.
Sauti ilisema barabara hii ni *yako*
au ni *yao*?"

Akavuta daftari. Akaligeuza kuelekea mlangoni, kwenye mwanga.
Jasho au mvua ilikuwa imelamba ile herufi,
imebaki doa, kama inzi aliyekanyagwa.
Alitazama kwa muda mrefu.
Jenereta ilipiga kelele kwa niaba yetu sote.
"Usiku ule," akasema polepole, "sikuwasha mshumaa."

Nilimhurumia. Kwa kitambo kidogo hakuwa namba mia na nane,
alikuwa mtoto wa mtu, amesahau alichotumwa dukani.

Kisha simu yake ikalia, wimbo wa kampeni,
uso ukarudi mahali pake.
"Ni *yako*. Andika *yako*.
Kulikuwa na nani mwingine pale?"

Umati, nilitaka kusema. Ukurasa wa pili. Miguu peku.
Ila nilikuwa nimeambiwa nisiguse hata nukta,
na petroli ilikuwa inaisha.

Nikagonga Y. Nikagonga A.
K nikaigonga
kwa nguvu ya kawaida,
kama ninavyogonga herufi nyingine zote.
O.

Akalipa bila kusoma. Nakala mia tatu.