Cheche Ichelewe

Newala, Julai, saa kumi na mbili na robo.
Ukungu umekaa juu ya mabati ya gereji
kama mgeni asiyejua kuaga.
Bedifodi ya Mjomba Nandonde ina mifuko themanini ya salfa,
unga wa njano umeshavuja hadi kwenye ngazi ya mlango,
na mikorosho ya Mahuta haina subira.
Juu ya kioo, kwa rangi nyekundu iliyobabuka:
NGOJANGOJA HUUMIZA MATUMBO.

Nami leo nataka kuifundisha kungoja.

Nimefunga petroli, nimekausha kabureta,
maana sitaki iwake kwanza, nataka ijibu.
Puli nimeipiga chaki, mstari mmoja mnene.
Taa ya taimingi nimeibana kwenye waya wa plagi ya kwanza.
Somoe yuko nyuma ya usukani, kaketi ukingoni mwa kiti
ili mguu ufike.
"Piga!"

Stata inaguna. Inakwama. Inaguna.
Taa inapepesa, chaki inatokea na kupotea,
na kila ikitokea iko palepale: kumi.
Digrii kumi kabla pistoni haijafika juu.

Kumi ni nzuri barabarani.
Injini ikikimbia, cheche sharti itangulie,
moto nao unataka muda wa kuenea,
kama bei ya mnada: inatajwa asubuhi,
Kitangari inafika mchana.
Lakini gari likiwa ndiyo kwanza linaamka,
pistoni inapanda kama mama mwenye ndoo kichwani
akitoka bondeni kuchota maji.
Ukimlipulia moto usoni hajafika juu,
atarudi chini alikotoka,
na atarudi na mkono wa mtu.

Mkono wenyewe ule pale,
umeshika kikombe cha chai ya rangi, kifundo kimepinda.
Mwaka wa sabini na tisa betri ilikuwa kitu cha kuota.
Hendeli ikarusha teke.
Mjomba akasikia *ka*, akadhani mtu anavunja kuni.
Mfupa ulifungwa vijiti, ukaunga ulivyotaka wenyewe.
Tangu siku ile hendeli iko nyuma ya kiti,
imeviringishwa kitambaa kama kitu cha marehemu.

Aliyetuuzia kisanduku hiki, kule Masasi, aliapa:
"Kina akili hiki. Ukiwasha, chenyewe kinachelewesha cheche."
Sawa. Lakini mwenye akili naye huambiwa.
Nafuata nyaya kwa kidole, nyekundu, nyeusi, ya kahawia,
hadi hii hapa, nyembamba, itokayo kwenye stata,
iliyopaswa kukinong'oneza: bado, bado tunaamka.
Panya ameila urefu wa kidole.
Miezi minne kisanduku hakijaambiwa neno.

Nimeunga. Nimezungushia utepe.
"Piga tena, Somoe."
Stata inazunguka bila kuguna,
na chaki, wallahi, chaki imeteremka,
imeiacha kumi, imekuja kusimama kwenye sifuri,
inatetemeka hapo kama aliyeshtukizwa.

"Imechelewa?" Somoe anauliza dirishani.
Imechelewa, mwanangu. Imechelewa sawasawa.

Nafungua petroli.
Mara ya pili inashika,
moshi wa buluu unaingia kwenye ukungu, mabati yanalia,
na ndani ya mwanga wa taa
chaki inapanda yenyewe kurudi kumi
bila mtu kuigusa.

Mjomba ameweka kikombe chini.
Haulizi bei.
Ameichomoa hendeli nyuma ya kiti, amefungua kitambaa,
anamwita Somoe kwa sauti ya kuishinda injini:
"Dole gumba lisizunguke. Liweke huku, na wenzake.
Vuta kwenda juu, usisukume chini hata siku moja.
Ikikataa, iachie."
Kisha anaizungusha hewa tupu,
nusu duara, kwenda juu,
kwa mkono wa kushoto.