Nipe Mji

Asilimia tisini na nane nukta sita,
tangu Jumatatu. Leo Alhamisi.
Zimmerman, ghorofa ya nne, stima imerudi saa mbili
na mstari wa kupakua umeganda kama mjusi ukutani.

Faili ni sauti ya shangazi Namalwa,
dakika arobaini za vitendawili, kaseti ya zamani
aliyoihamisha binamu Nangila kule Chwele.
Nakala nzima anayo yeye peke yake.

Vipande haviji kwa foleni. Cha mwisho kilitangulia.
Ninacho kikohozi chake. Ninacho kitendawili:
mgeni wangu hubisha usiku kucha, nikifungua simwoni.
Ninao watoto wakibahatisha: Upepo! Panya! Deni!
Ninaye akisema, basi, nipeni mji,
nao wakimpa Nairobi, yote, bure.
Halafu kimya, sekunde thelathini na nne.
Halafu kicheko.
Sauti moja katika kicheko kile ni yangu.
Jibu nimelisahau.

Nilianza na ukuta wa moto: huyu mpishe.
Nikaingia kwenye ruta, nikafungua mlango 51413,
nikauelekeza mezani pangu. Nikapima: umefungwa.
Nikazima, nikawasha. Umefungwa.
Nikaitukana kampuni ya waya, ambayo haikusikia.

Nangila kwa simu: "Nabisha, haitikii mtu."
Na mgeni muungwana, hodi ya tatu isipojibiwa,
huenda zake.
Yeye mwenyewe habishiki, yu nyuma ya mnara
na wateja wasiohesabika. Lazima mmoja wetu awe na mlango.

Saa nne ndipo nilipoitazama anwani ya ruta, ile ya upande wa nje.
Inaanza na kumi. Anwani ya ndani.
Kumbe nje yangu
ni ndani ya mtu mwingine.

Nikashuka na ndala. Chini ya ngazi, juu ya mita,
kisanduku cha ploti nzima kikipepesa ndani ya vumbi:
nyumba ishirini na nne, anwani moja,
kama geti letu na mlinzi asiyejua nani anakaa wapi.
Ombati, keateka, aliing'ata tochi.
Nenosiri lilikuwa kwenye stika, nusu imeliwa na mende.
"Hii haitatuletea wezi?"
"Ni mlango mmoja, na unaishia kwangu."
"Basi ukiibiwa ni wewe." Akanisogezea kreti ya soda, nikakaa.

Namba ileile, mara ya pili.
Nikapanda mbio. Nukta saba. Nukta tisa.
Mia, bila kishindo.

Sikusikiliza papo hapo. Nilichemsha chai, nikaiacha ipoe.
Kisha shangazi, ambaye hakuwahi kufika hapa, akaupokea mji:
"Nimeingia Nairobi. Nimekuta milango mingi. Nimebisha yote."
Akavuta pumzi, akalitaja.

Kompyuta nimeiacha wazi hadi asubuhi,
huenda binamu mwingine akabisha.
Na wewe, jibu sikupi hivi hivi.
Nipe mji.