Nakala ya Nibaldo Oyarzo

Upepo wa Punta Arenas haubishi hodi.
Unaingia na mteja, unapekua karatasi mezani,
unatoka na stakabadhi ya sufu ya mtu.
Jumatatu ile uliingia na Danko, fundi,
nyaya begani, kofia hadi kwenye nyusi,
na kabla hajavua glavu akauliza:
mna mashine ngapi? Na leseni ngapi?

Mashine tulizijua. Saba.
Ya mapokezi, mbili za mishahara, tatu za kodi,
na ya Bi Eduvina, ambayo kazi yake kubwa
ni kukipa joto kikombe chake.
Leseni, hapo tukatazamana
kama watoto walioulizwa nani kavunja sahani.

Na sisi ni wahasibu!
Tumewahesabia watu kondoo hadi mkia wa mwisho,
tumewaambia, mali bila daftari huisha bila habari.
Droo ya chini, nilipoivuta, ilinitolea
santuri tatu zisizo na majalada,
risiti iliyofifia hadi ikarudi karatasi tupu,
na kibandiko cha herufi ishirini na tano,
ya tisa imefutika nusu: B, au nane?

Danko akalala chali chini ya meza na kurunzi,
akisoma migongo ya mashine
kama mnunuzi anavyosoma meno ya farasi.
"Hii ilizaliwa na leseni yake, itazikwa nayo.
Hii nyingine inahama, ila mara moja,
na ilishahama.
Na hizi nne…" Akakohoa.
"Hizi nne zinakula sahani moja."

"Nilinunua," akasema Bi Eduvina.
"Hukununua programu, mama. Ulinunua ruhusa."
Akashika kola ya koti lake
kama aliyeambiwa kwamba lina mwenyewe.

Tukapiga hesabu nyuma ya bahasha:
toleo jipya, kwa kila kichwa, kila mwaka, bila mwisho,
kodi ya nyumba usiyoruhusiwa kupiga msumari.
Au ile ya bure, Danko akaisifia macho yakimng'aa,
lakini majedwali ya mishahara yakafunguka humo
tarehe zimepinduka, Machi imekuwa Januari,
na majedwali hayo aliyatunga Nibaldo,
na Nibaldo hakumwachia mtu maelezo.

Nikaiwasha ya dirishani nihakikishe.
Kama kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja
maandishi madogo yakapita kwanza:
Nakala hii imesajiliwa kwa Nibaldo Oyarzo.
Sekunde mbili. Halafu jedwali.

Tulimzika Agosti. Ardhi ilikuwa ngumu,
wachimbaji walipumzika mara tatu.
Benki imemfunga, mamlaka ya kodi imemfuta,
nambari yake ya simu sasa anaipokea
msichana anayeuza keki.
Programu peke yake haikupata habari.

Sote tulikuwa tumesoma. Hakuna aliyesema kitu,
ila upepo, nao ulikuwa na yake.
Bi Eduvina akachukua kalamu. "Sita."
"Mashine ni saba," akasema Danko.
"Sita."
"Basi ya saba muikate mtandaoni. Kabisa.
Haitapata viraka, ni mlango bila komeo."
Akaukata waya mwenyewe kwa koleo,
polepole kuliko ilivyohitajika.

Sasa tuna daftari la leseni.
Mistari sita, risiti sita, tarehe sita za kuisha.
Mstari wa saba niliujaza jina lake,
pa tarehe pakanishinda.

Ile herufi ya tisa, nilijaribu zote mbili.
Ilikuwa nane. Na kwenye mashine ya dirishani,
tangu alipoumwagia mate yake ya asubuhi,
ile chai chungu aliyoifyonza kwa mrija,
kitufe cha nane hunata;
lazima ukibonyeze kwa nguvu,
kisha usubiri.