Kijiko Kimoja, Pondamali

Juu ya paa la ploti namba kumi na saba
Jelagat amepanga madumu ya lita ishirini,
yamekatwa vichwa, yanatazama jua.
Maji yake ni ya kijani, si kijani cha sukuma
wala cha gwanda la askari,
ni kijani cha dimbwi
ambalo mtoto huchapwa akilichezea.

Anayalisha magadi kidogo,
samadi ya kuku iliyochujwa mara tatu,
na pumzi: pampu ndogo inatoa povu usiku kucha
hadi sisi wa chini tukaota tunazama.

Miaka kumi na tisa kiwanda cha pareto
aliona maua meupe yakikamuliwa yakatoa siri.
Kiwanda kiliponyamaza, alirudi na koti lake
na mazoea ya kuandika kila kitu.
*Jumanne. Dumu la nne limegeuka manjano. Sababu: mimi.*

Mwenye ploti akapanda ngazi akihema:
"Nilikodisha nyumba, mama. Sikukodisha kinamasi."
"Nipe mwezi mmoja."
Mwezi ukaisha, ukaleta nduguze.

Dumu la tano lilimezwa na viluwiluwi.
La saba, mtoto wa Nekoye alilitia sabuni ya unga
akidhani anasaidia.
Jelagat hakulia. Aliandika.

Mtaa unaitwa Pondamali.
Yeye aliponda jua:
tope la kijani likaanikwa kwenye mabati,
likasagwa, likaoshwa kwa spiriti,
spiriti ikapaa, ikatuachia kizunguzungu.
Miezi saba. Madumu kumi na moja.
Mafuta yaliyobaki chini ya glasi
yalikuwa kijiko cha chai,
na hakikujaa.

Fundi Barasa, wa vinu vya kusaga, akacheka:
"Kwa haya, injini yangu itakohoa mara moja."

Tulingoja giza.
Akachomoa uzi kwenye tambara la kupigia deki,
akauchovya, akawasha.
Ikanuka samaki. Ikanuka ziwa
pale linapopanda na kumeza ua wa watu,
pale heroe wanapoinamisha shingo
kuchota kijani kama hiki bila daftari.
Hawajui wanakula taa.

Hakuna aliyesema.
Hata mwenye ploti, risiti mkononi,
alisimama uso wake ukiwa wa manjano, wa kitoto kidogo.

Ilizimika.
Jelagat akatazama saa: dakika thelathini na nne.
Akaandika kwa kupapasa,
kisha akauliza gizani
nani ana dumu lisilo na kazi.