Kanyaga Kushoto

Methali tuliijua tangu darasa la tatu,
ile ya kidole kimoja na chawa.
Hakuna aliyetuambia
kwamba vidole vitano navyo hugombana
juu ya nani amelisahau karai nyumbani.

Tulikuwa kumi na tisa, kidato cha tano.
Jumamosi ya kwanza, saa mbili asubuhi,
jua la Mwanza lilishakaa juu ya mawe kama mwenye nyumba.
Mimi, nikiri, nilifuata cheti.
Lugodisha alimfuata Minza.
Minza alimfuata shangazi yake,
aliyeteremshwa usiku kwenye kiti cha plastiki
kutoka kule juu Mabatini, uchungu umembana,
wanaume wanne wakipapasa mwamba kwa nyayo
na tochi ya simu inayokata roho.
Mtoto alizaliwa katikati ya mawe.
Hakungoja barabara.

Basi: ngazi.
Kutoka bombani mpaka kwa Mama Nyanjige,
mlima uliosimama wima kama mtu anayedai.

Bhoke alibeba jiwe kama abebaye mtoto wa jirani,
bila maneno, bila kuchagua.
Salmini hakuweza hata nusu yake;
kifua chake hupiga filimbi vumbi likipanda.
Akakaa juu ya mwamba, akatazama chini.
Tukamwita Bosi. Tukamwita Mtalii.

Wiki ya tatu mvua ikavuka ziwa usiku.
Asubuhi ngazi kumi na saba
tulizikuta zimelala mtaroni,
saruji yetu ya kuchangishana imekuwa uji.
Siku ile tulihesabiana: kumi na mmoja.

Ndipo Mtalii akashuka mwambani.
Akasema taratibu, akivuta pumzi kila neno:
“Maji yana njia yao. Wiki tatu nayatazama.
Yanaingia hapa, yanakunja pale penye mkonge.
Ninyi mmeyajengea maji ngazi.
Watu bado.”

Hakucheka mtu.
Bhoke aliliweka chini jiwe alilolishika
akaenda kusimama pale Salmini alipoonyesha.

Tukaanza upya, hatua sita kushoto.
Kokubelwa akapima mteremko kwa kamba na chupa ya maji.
Lugodisha, ambaye mikono yake haikujua kazi,
ulimi wake ulijua: alirudi kutoka Igogo
na mifuko miwili ya saruji kwa ahadi tu,
na fundi aliyekuja kuidai
akaishia kutushikia pimamaji hadi magharibi.
Mimi nilikuwa na daftari.
Niliandika karai la nani, deni la nani,
nani ameleta mihogo, nani amenuna.
Nilidhani hiyo si kazi
mpaka siku nilipougua, wakagombania ndoo moja
kutwa nzima, wasiweke hata jiwe.

Ngazi tisini na nne.
Mama Nyanjige alizishuka mara moja, akazipanda,
akasema “Wabeja,” akarudi kwenye dagaa zake.

Cheti kilikuja. Jina langu limekosewa herufi mbili.
Sijui kiko wapi sasa.

Ila ngazi ya arobaini na moja inacheza.
Niliipanga mimi, jioni, nikiwa na haraka.
Juzi nilikuwa naipanda
nikapishana na mtoto nisiyemjua, ndoo kichwani,
asiyemwaga hata tone.
“Kaka,” akaniambia bila kugeuza shingo,
“hiyo kanyaga kushoto.”

Nami, niliyeipanga,
nikakanyaga kushoto.