Swali la Saba

Ofisi yangu iko kusini mwa Ikweta kwa hatua chache,
kantini iko kaskazini.
Kila saa saba, hapa Maseno, navuka nusu ya dunia
kwenda kula nyoyo kwa chai ya rangi,
narudi kabla ya saa nane, muhuri ungali mfukoni.
Safari zangu za ng'ambo ndizo hizo.
Pasipoti yangu iliisha muda wake Machi,
kurasa zote nyeupe kama unga wa daraja la kwanza.

Lakini wengine nimewavusha:
Ombima, aliyeomba Japani, akapata Polandi, akashukuru;
Ludenyi, aliyerudishwa ubalozini mara tatu
kwa sababu jina la babaye lilikuwa na herufi moja zaidi
kwenye cheti cha kuzaliwa;
na Perez Awuor.

Fomu yetu ina maswali tisa.
La saba ndilo linalowatoa jasho:
Kusudi la maisha yako ni lipi? Maneno yasizidi hamsini.
Nililitunga mwenyewe, nilipokuwa mgeni kazini
na nikidhani kusudi hujazwa kwa kalamu nyeusi.
Huandika: kuleta mabadiliko. Kuwa daraja.
Kuwa sauti ya wasio na sauti.
Nami nagonga muhuri, pa, pa,
wino ukikauka naupulizia pumzi.

Perez aliandika:
Mama hugonga kokoto pale Luanda.
Nataka kujua jiwe lina nini ndani.
Maneno kumi na moja.
Thelathini na tisa akanirudishia.

Sasa wafadhili wametuma jedwali:
Waliosafiri. Waliorudi. Waliopata kusudi.
Kwenye safu ya mwisho nimeandika arubaini na mmoja,
nikafuta,
nikaandika arubaini, nikamkumbuka Ombima,
nikaenda kuchemsha maji.

Juzi ukaja ujumbe wa sauti kutoka Ujerumani,
theluji ikilia chini ya viatu vyake:
"Madam, duka la makumbusho huku linauza jiwe kama la kwetu,
dogo, la kujaa kiganjani, limesuguliwa mpaka linang'aa.
Bei yake ni lori la mama. Lori zima.
Usimwambie."

Nilimwambia.
Sijui kama hilo nalo limo katika majukumu yangu.
Nilimkuta ameketi juu ya gunia kando ya barabara,
vidole vya kushoto amevifunga mpira wa tairi,
vumbi limemzeesha nyusi.
Hakucheka. Hakushika tama.
Hata bei hakuirudia.
Aliuliza tu, "Kwani lina nini?"

Kisha akachagua moja kutoka rundo la kesho,
akaligeuza, akaliweka sawa,
akalipiga pigo moja,
tukainama wote wawili,
vichwa nusura vigongane,
kuangalia.