Kengele Iliyolala Bohari

Ilishuka Alhamisi, kati ya saruji na chumvi ya Uvinza,
ndani ya kasha lenye maandishi ya mkaa:
KANISA KUU, MWANZA. TARATIBU.
Baba na mahamali watano waliiburura hadi mzanini.
Sindano ikakimbia mpaka mwisho wa namba,
ikatetemeka, ikakwama hapo.

Sasa, Bwana Lushinge, mkuu wa stesheni,
hakuwa mtu wa kukisia.
Kisicho na uzito hakina nauli,
kisicho na nauli hakina stakabadhi,
na bila stakabadhi, alisema akifuta miwani,
hata malaika angekaa benchi la daraja la tatu, asubiri.

Basi ikalala bohari. Majuma tisa.
Kila Jumatatu paroko aliteremka kilimani kwa baiskeli,
akarudi akiisukuma.
Barua ilikwenda Tabora. Tabora ikaandikia Dar.
Dar ikauliza: kengele ni mashine, au ni chombo cha muziki?

Usiku mmoja wa zamu baba aling'oa ubao.
Nilitaka kuiona tu, alituambia.
Akaigonga kwa kifundo cha kidole,
polepole, kama abishaye hodi
nyumba yenye mgonjwa.
Ikaitika
kwa bati la paa, kwa kioo cha dirisha la tiketi,
kwa reli yenyewe, kuelekea Fela,
na mbwa wote wa mtaa wa juu, kwenye mawe,
wakanyamaza.
Jambo hilo hakuliungama hadi anakufa.

Leo saa ya ukumbini imegota saa nne kasoro,
tangu lini, hakuna ajuaye.
Rangi ya matao inabanduka kama ngozi ya kitunguu.
Naulizia treni.
Labda kesho, mama, anasema kijana wa dirishani,
labda keshokutwa.
Nakaa. Upepo wa ziwa unaleta harufu ya dagaa juani.

Kisha kilimani inalia, ya saa sita,
na mwanamke mwenye ndoo anasimama, anapiga ishara ya msalaba.
Mimi natazama mlango wa bohari.
Kabla ya maji ya baraka, kabla ya askofu,
ilimjibu kwanza hamali.

Kijana ana muda; ananitolea daftari la zamani,
kurasa zimeliwa na mchwa pembeni.
Mzigo: kengele, moja.
Na mahali pa uzito, kwa wino wa bluu,
mwandiko ulionyooka wa mtu aliyeshindwa,
Bwana Lushinge ameandika:
Nzito.